Kiingilio Peni Mbili: Historia ya Old Vic

Pauni moja ya Kiingereza ya zamani ilikuwa na peni 240. Mwaka 1914, mtu aliyepanda hadi roshani ya juu kabisa ya ukumbi wa Old Vic, kusini mwa mto Thames jijini London, alilipa peni mbili. Kwa hiyo walihitajika watazamaji 120 wa huko juu ili nyumba ipate pauni moja, na kwa pauni hizo zilizookotwa peni kwa peni ilibidi walipwe waigizaji, wapiga muziki, mafundi wa jukwaa, washonaji na wafagiaji. Hesabu hiyo haikuwahi kutimia, mwaka huo wala miaka iliyotangulia, na waliouendesha ukumbi walilijua jambo hilo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote. Hawakupandisha bei. Walitoka wakaomba fedha.

Ndiyo maana historia ya Old Vic, ukiisoma kwa makini, ni historia ya michango. Waigizaji wakubwa waliopita pale wameandikwa vya kutosha. Mimi navutwa zaidi na swali ambalo kila kundi la maigizo hukutana nalo siku linapoamua kwamba mchuuzi wa mboga naye aingie: kiingilio kikiwa kidogo kuliko gharama, tofauti hiyo atailipa nani? Sijui nyumba nyingine iliyolijibu swali hilo kwa njia nyingi namna ile, na kwa muda mrefu namna ile.

Ukumbi ulifunguliwa tarehe 11 Mei 1818 kwa jina la Royal Coburg. Daraja la Waterloo lilikuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu nyuma, na wenye mtaji walitumaini kwamba matajiri wa ng'ambo ya kaskazini wangelivuka kuja kustarehe Lambeth. Hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Sheria nayo ilibana: tamthilia ya kusemwa, ile isiyofunikwa na muziki na nyimbo, ilikuwa haki ya kumbi chache zenye hati ya kifalme, na kizuizi hicho kilidumu hadi 1843. Coburg ikaishi kwa visa vya mauaji, mizimu na farasi jukwaani. Mwaka 1821 walitundika pazia la vioo, zaidi ya vipande 60, ili watazamaji wajione wenyewe wakiwa wameketi. Pazia lilikuwa zito mno hata paa likatishiwa, ikabidi liondolewe. Mwaka 1833 ukumbi ulipewa jina la binti mfalme Victoria, ambaye hakuwa malkia bado. Watu wa mtaani wakalifupisha jina, wakasema Vic, na baada ya miaka mingi wakaliongezea uzee: Old Vic.

Katikati ya karne ile mahali pale palikuwa na sifa mbaya. Desemba 1858 yowe la moto lilipigwa bila moto kuwapo, na watu zaidi ya kumi wakafa kwa kukanyagana kwenye ngazi. Ulevi ulikuwa ndani na nje. Wafanyakazi walipokea ujira wao Jumamosi, na wengine waliufikisha nyumbani nusu.

Hapo ndipo anapoingia Emma Cons. Alizaliwa 1838, akajifunza kazi za sanaa za mikono, kisha akaungana na Octavia Hill katika kazi ya kutengeneza na kusimamia nyumba za kupanga za watu maskini. Cons alikuwa msimamizi wa majengo ya namna hiyo huko Lambeth, akipanda ngazi kukusanya kodi na kusikiliza mashauri ya wapangaji wake. Aliona kwamba kumpa mtu chumba kisafi hakutoshi ikiwa jioni hana pa kwenda isipokuwa kilabuni. Akaukodi ukumbi wa Vic, akaufungua tarehe 26 Desemba 1880 kwa jina refu lililotangaza nia yake: Royal Victoria Coffee and Music Hall. Kahawa iliuzwa. Pombe haikuuzwa.

Uamuzi huo ulikuwa na uzito wa kifedha kuliko unavyoonekana. Kumbi za muziki za wakati ule ziliweza kuweka kiingilio kidogo kwa sababu faida yao ilitoka baa. Mteja aliingia kwa senti chache, akanywa za kutosha, na kinywaji kikalipia wimbo. Kwa maneno mengine, tiketi nafuu ilikuwa na mlipaji wake wa siri, naye ni mke na watoto wa mnywaji. Cons alimwondoa mlipaji huyo, akabaki na bei ile ile ya chini na pengo chini yake. Tangu usiku ule wa kwanza nyumba ikawa ya kuombewa.

Walioitikia walikuwa watu wa aina nyingi. Samuel Morley, mfanyabiashara wa nguo na mbunge, alitoa fedha na kuketi kwenye kamati. William Poel alikuwa meneja katika miaka ya mwanzo ya 1880. Kulikuwa na matamasha ya nyimbo na vipande vya opera, kwa kuwa leseni ya ukumbi wa muziki haikuruhusu kuigiza tamthilia nzima. Mwaka 1882 ikaanza mihadhara ya sayansi, kiingilio peni moja, na watu waliotoka kazini wakaketi kusikiliza habari za nyota na za mwili wa binadamu. Baadhi yao wakaomba zaidi ya mihadhara. Wakapewa madarasa katika vyumba vya nyuma ya jukwaa, kule kulikokuwa vyumba vya kubadilishia nguo, na kutokana na madarasa hayo kikazaliwa mwaka 1889 chuo cha watu wazima kilichopewa jina la Morley, ambacho kipo mpaka leo. Mwaka huo huo Cons aliingia katika baraza jipya la jiji la London kama mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kushika nafasi hiyo.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Jengo lilinunuliwa kwa michango ya watu na kuwekwa chini ya wakfu, na masharti ya wakfu huo yakaeleza kwamba maonyesho yawe kwa bei ambayo mafundi na vibarua wangeiweza. Bei ya chini haikuwa tena hisani ya meneja mwema. Iliingia katika hati. Meneja ambaye angekuja baadaye akachoka, akataka kupandisha bei ili alale usingizi, angekuta mlango umefungwa. Nimewahi kusikia watu wa sanaa wakilalamika kwamba masharti ya namna hiyo ni minyororo. Naona kinyume chake: bila hati ile, ukumbi wa Vic ungekuwa umegeuzwa ghala au sinema kabla ya vita ya kwanza.

Emma Cons alifariki Julai 1912. Aliyeshika nafasi yake alikuwa binti wa mdogo wake, Lilian Baylis, aliyekuwa akimsaidia tangu 1898. Baylis alizaliwa London mwaka 1874 katika nyumba ya wanamuziki. Familia ilifanya ziara Afrika Kusini mwaka 1891, na yeye akabaki Johannesburg akifundisha muziki na dansi katika mji wa wachimba dhahabu. Akaugua, akarudi London kupata nafuu kwa mama yake mkubwa, na huyo mama mkubwa akampa kazi.

Hakuwa msomi. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye miwani, na hakujua kupamba maneno. Waigizaji wake wamesimulia kwamba hakuwa mtu wa kukaa kutazama mchezo tangu mwanzo hadi mwisho. Alipenda kuwa kwenye kibanda chake cha watazamaji karibu na jukwaa, pazia limevutwa nusu, akijibu barua na kufanya hesabu huku mfalme Lear akipiga kelele hatua chache kutoka alipo. Alikuwa mcha Mungu wa waziwazi, akipiga magoti kuomba kila jambo la ukumbi, mapato yakiwemo, na hadithi iliyoenea zaidi kuhusu yeye ni kwamba alimwomba Mungu ampelekee waigizaji wazuri, tena wa bei rahisi. Watu hucheka wanapoisimulia. Yeye hakuwa anatania hata kidogo.

Mwaka 1912 alipata leseni kamili ya tamthilia. Mwaka 1914 akaanza Shakespeare, kwanza kwa msaada wa mwigizaji Rosina Filippi, kisha waigizaji Matheson Lang na mkewe Hutin Britton walioufungua msimu wa vuli mwezi Oktoba. Opera ndiyo iliyovuta watu. Shakespeare mwanzoni alileta hasara. Wakati huo vita ilikuwa imekwisha kuanza. Akaja Ben Greet, mzee wa kuzunguka na makundi, aliyezoea kuigiza bustanini, asiyehitaji mandhari wala fahari, na akawa mwongozaji kwa miaka minne. Akaja pia mwigizaji kijana, Sybil Thorndike, aliyebaki kuanzia 1914 hadi 1918.

Tukisema kundi dogo la kudumu, hili ndilo. Watu wale wale waliigiza mchezo mpya karibu kila wiki, wakijifunza mistari ya wiki ijayo wakiwa bado wamevaa mavazi ya wiki hii. Wanaume walipochukuliwa vitani, Thorndike akashika nafasi zao: Prince Hal, Puck, mchekeshaji wa mfalme Lear, Ferdinand katika tamthilia ya The Tempest. Ndege na puto za Kijerumani zilipokuja kutupa mabomu, onyesho liliendelea. Kituo cha reli cha Waterloo, walikopandia askari waliokwenda Ufaransa, kiko mwendo wa dakika chache, na sare za jeshi zilionekana kwenye viti. Mchana waliletwa watoto wa shule, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu akiigiza.

Jiko la ukumbi lilikuwa jukwaani. Karibu na kona ya mkumbusha-maneno, yule anayemnong'oneza mwigizaji aliyesahau mstari, kulikuwa na jiko dogo la gesi, na hapo Baylis alikaanga soseji na nyama ya nguruwe kwa ajili ya chakula chake na cha watu wake kati ya onyesho la mchana na la usiku. Mara nyingine onyesho lilianza kabla ya kikaango kutulia. Harufu ilipita pembeni mwa pazia, ikashuka kwa watazamaji, na mtu aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini bila kula akaisikiliza hotuba ya Brutus tumbo likimlilia. Waandishi wengi huileta habari hii kama kichekesho cha mwanamke wa ajabu. Kwangu ni taarifa ya fedha. Nyumba haikuwa na chumba cha waigizaji wala jiko kwa sababu chuo cha Morley kilikuwa bado kimechukua vyumba vya nyuma, na fedha za kukihamisha hazikuwapo. Chakula cha jukwaani kilikuwa sehemu ya malipo ya waigizaji.

Mwaka 1918 ukumbi ulitimiza miaka 100 na Malkia Mary akahudhuria sherehe. Inasimuliwa kwamba Baylis alimwonyesha picha mbili ukutani, ya Emma Cons ikiwa kubwa na ya Mfalme George ikiwa ndogo, akamweleza malkia bila kusita kwamba mfalme hajawafanyia watu wa pale mengi kama alivyofanya mama yake mkubwa. Kama neno hilo lilisemwa hivyo hasa au lilinogeshwa na wasimulizi, linalingana na kila kitu kingine tunachokijua juu yake. Watu wenye vyeo hawakumtisha, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mwombaji mzuri.

Maana aliomba kila mahali. Usiku wa mwisho wa msimu alisimama jukwaani na kuwaeleza watazamaji hali ya mfuko ilivyo, akiwakaripia waliokosa kuja na kuwashukuru waliokuja. Alikuwa na jarida la ukumbi ambalo kila toleo lilibeba ombi: mapazia yamechakaa, viti vimevunjika, nani ana nguo za zamani za karamu zinazoweza kugeuzwa kuwa mavazi ya jukwaani. Kulikuwa na chama cha wapenzi wa ukumbi, na karamu za kila mwaka ambako mtazamaji wa roshani alicheza dansi na mwigizaji aliyemlipia peni mbili kumtazama. Jambo hili la mwisho lilikuwa na busara kubwa. Mtu aliyecheza dansi na Hamlet hawezi tena kuuona ukumbi kama duka. Ni nyumba yake, na paa likivuja atauliza.

Fedha kubwa nazo zilikuja, kwa shida. Baraza la jiji lilipodai matengenezo ya usalama baada ya vita, ilionekana wazi kwamba bila kukihamisha chuo cha Morley ukumbi ungefungwa. Sir George Dance, mtu aliyetajirika kwa biashara hiyo hiyo ya maigizo, akatoa pauni 30,000. Kumbuka hesabu ya mwanzo: ni sawa na watazamaji 3,600,000 wa roshani ya juu. Hakuna karamu wala jarida ambalo lingezipata. Mchango wa Dance unaonyesha ukweli ambao makundi madogo hulazimika kuumeza, kwamba senti za wengi huendesha nyumba lakini mara chache huijenga. Na kwamba tajiri huja pale tu anapoona senti za wengi zimetangulia.

Novemba 1923 kundi likaigiza Troilus and Cressida. Kwa onyesho hilo, chini ya mwongozaji Robert Atkins, Old Vic ikawa ukumbi wa kwanza kuigiza tamthilia zote 36 zilizomo katika mkusanyo wa kwanza wa kazi za Shakespeare, ikiwa ni miaka 300 kamili tangu mkusanyo huo uchapishwe. Kumbi za fahari za upande wa kaskazini, zenye velveti na viti vya dhahabu, hazikuwa zimefanya hivyo. Ilifanywa na nyumba iliyonuka soseji. Chuo kikuu cha Oxford kikampa Baylis shahada ya heshima mwaka 1924, na tangu hapo alivaa joho lake kila alipopata nafasi.

Mtu mwingine angetulia. Yeye akaanza kuomba upya, safari hii kwa ajili ya Sadler's Wells, ukumbi uliokufa huko Islington, upande wa pili wa jiji. Hoja yake ilikuwa rahisi: maskini wa kaskazini wana haki sawa na maskini wa kusini. Ombi lilitangazwa 1925, na ikachukua karibu miaka sita kuufufua. Ulifunguliwa tarehe 6 Januari 1931 kwa Twelfth Night, John Gielgud akiwa Malvolio na Ralph Richardson akiwa Sir Toby. Mpango wa kwanza, wa kuzungusha maigizo na opera kati ya kumbi mbili, uliwachosha watu na kuwatatanisha watazamaji, na mfuko mmoja ukawa unalisha majengo mawili. Ikabidi wagawane: maigizo yakae Old Vic, opera na baleti vikae Sadler's Wells.

Baleti hiyo ina asili inayofaa kukumbukwa. Mwaka 1926 Ninette de Valois, mcheza dansi mzaliwa wa Ireland, alikuja na mpango wa kuanzisha kundi la kudumu. Baylis hakuwa na fedha za kundi la baleti. Alimwajiri kwanza awafundishe waigizaji wake jinsi ya kutembea na kusimama, kwa pauni moja kwa wiki: watazamaji 120 wa roshani. Kutokana na pauni hiyo likatokea kundi ambalo leo ni Royal Ballet. Opera ya Sadler's Wells nayo ikawa English National Opera. Na kundi la maigizo likawa mbegu ya Theatre ya Taifa ya Uingereza.

Hapa inanibidi niseme jambo ambalo hotuba za maadhimisho hupenda kuliruka. Katika miaka yote ile, mlipaji mkubwa wa tiketi ya peni mbili hakuwa Morley wala Dance. Alikuwa mwigizaji. Edith Evans, Gielgud, Richardson, Peggy Ashcroft, Charles Laughton, Laurence Olivier, wote walikuja kuigiza kwa malipo madogo kuliko yale ambayo wangepata katika kumbi za West End. Wao waliweza, kwa kuwa walikuwa na jina, na nafasi ya kumwigiza Hamlet ilikuwa na thamani nyingine. Lakini nyuma yao kulikuwa na vijana waliobeba mikuki jukwaani kwa ujira wa kubahatisha, na waimbaji wa kwaya ya opera waliotoka kazini mchana wakaja kuimba usiku kwa mapenzi tu. Mapenzi hayo yalikuwa ya kweli. Lakini kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi, na kundi linaloweka kiingilio kidogo kwa kumkata mwigizaji wake limemhamishia maskini mmoja mzigo wa maskini mwingine. Baylis alilijua hilo kwa namna yake. Yeye mwenyewe aliishi kwa kidogo na hakujiwekea mali. Bado nasema halikuwa jibu zuri, na waliomfuata walifanya vyema kutafuta jingine.

Lilian Baylis alifariki tarehe 25 Novemba 1937, akiwa na miaka 63. Olivier alikuwa kwenye mazoezi ya mwisho ya Macbeth; onyesho likafunguliwa usiku uliofuata, kama ambavyo mwenyewe angeagiza.

Jibu jingine lilikuja na vita ya pili. Mwaka 1940 serikali iliunda baraza la kuhimiza muziki na sanaa, na kwa fedha zake Sybil Thorndike, sasa mwanamke wa makamo, pamoja na mumewe Lewis Casson walilichukua kundi la Old Vic hadi vijiji vya wachimba makaa ya mawe huko Wales. Waliigiza Macbeth katika kumbi za vyama vya wafanyakazi, mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwahi kuingia ukumbi wa maigizo. Kwa mara ya kwanza, aliyelipia pengo la tiketi alikuwa mlipa kodi. Baraza hilo liligeuka mwaka 1946 kuwa Baraza la Sanaa, na ruzuku ya umma ikawa desturi. Jengo lenyewe lilipigwa bomu mwaka 1941, na halikufunguliwa tena kwa maigizo hadi Novemba 1950. Tarehe 22 Oktoba 1963, kundi jipya la Theatre ya Taifa chini ya Olivier lilianza maisha yake humo kwa Hamlet, Peter O'Toole akiwa mwana wa mfalme. Lilikaa hadi 1976, likahamia nyumba yake kubwa ya zege kando ya mto. Mwaka 1982 jengo likanunuliwa na Ed Mirvish, mfanyabiashara wa Toronto, aliyelikarabati. Tangu 1998 liko mikononi mwa shirika lisilo la faida.

William Poel, yule meneja wa miaka ya 1880, alitumia maisha yake yaliyobaki akidai kwamba Shakespeare aigizwe kwenye jukwaa tupu lililozungukwa na watu, kama zama zake. Dai hilo lilirithiwa na wengine hadi ukumbi wa Globe ukajengwa upya kando ya Thames, ambako mamia ya watazamaji huruhusiwa kusimama uwanjani kwa kiingilio kidogo. Mwaka 2012, kiingilio hicho kikiwa pauni 5, waigizaji kutoka Kenya walipanda jukwaa hilo na The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili, wakaiita Wanawake wa Heri wa Winsa. Waswahili wa London walioikuta lugha yao uwanjani pale walikuwa wanafaidi, bila kujua pengine, mabishano yaliyoanza katika ukumbi wa kahawa wa Emma Cons na warithi wa mawazo yake.

Makundi yetu ya Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Kampala yanaomba michango leo kwa sababu zile zile. Ombi langu kwao ni mambo mawili kutoka Lambeth. Bei ya chini iandikwe katika katiba ya kundi, isiachwe kichwani mwa kiongozi. Na kabla ya kuitangaza, mstari wa kwanza wa bajeti uwe malipo ya waigizaji, kisha ndipo aitwe mfadhili aonyeshwe pengo lililobaki na idadi ya viti ambavyo mchango wake utavijaza. Mfadhili anayekataa hesabu iliyo wazi hivyo hakuwa mfadhili.

Old Vic ya leo haipokei ruzuku ya kudumu ya serikali. Bado inaomba. Na wakfu wa Royal Victoria Hall, ule uliofunga bei ya mafundi na vibarua katika hati, uliendelea kuishi baada ya kuachana na jengo: kazi yake sasa ni kutoa misaada kwa makundi ya maigizo ya London, pamoja na tuzo kwa wanafunzi wa uigizaji zinazobeba jina la Lilian Baylis.